Zamu ya Kufua ya Ingegerd

Hebu mwone Majlis akishuka kwenye treni, Ijumaa alasiri, stesheni kuu ya Gothenburg. Anatanguliza mguu wa kulia, maana goti la kushoto halimtii tena. Ameshika chuma cha mlango kwa mikono miwili, na mkoba umemning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Ana miaka sitini na miwili. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia jikoni mwa shule, huko kwao kaskazini, akiinua masufuria ya viazi vya watoto mia nne. Uchovu wake si wa safari. Ni uchovu uliohamia mwilini siku nyingi ukatundika na mapazia.

"Shuka basi, bibie, au unangoja bendi ije ikupokee?" Huyo nyuma yake ni Solbritt. Aliendesha basi maisha yake yote, na mpaka leo mtu akiziba mlango roho inamruka.

"Mwache, goti lake hilo," akasema Gullan, wa mwisho, mdogo wa umbo, na saa yake mkononi inayomhesabia hatua.

Hawa watatu wanaimba kwaya moja ya kanisa. Kila vuli, shule zikifungwa wiki moja, huenda mji fulani wakalala siku mbili. Mwaka juzi walikwenda Oslo, Gullan akapoteza glavu moja, akaizungumzia mpaka Pasaka. Mwaka jana Malmö. Mwaka huu zamu ya kuchagua ilikuwa ya Majlis, naye akasema Gothenburg upesi kabla hajaulizwa mara ya pili. Wenzake wakadhani ni kamba wa baharini anaowatamani.

Haikuwa kamba. Mkobani mwake mlikuwa na kadi kutoka kwa mdogo wake, Ingegerd, anayeishi mji huo. Kadi ilikuwa na mistari miwili tu: "Jumamosi saa nane mchana unaweza kuja. Kahawa itakuwepo." Mistari miwili baada ya miaka tisa.

Ilikuwa hivi. Mama yao aliugua miaka kumi na mmoja, na aliyemuuguza ni Majlis. Akitoka kwenye masufuria ya shule anakwenda kwenye sufuria ya mama. Ingegerd alikuwa mbali, anakuja Krismasi na kiangazi. Mama alipozikwa, watu wakaketi kunywa kahawa ukumbini mwa kanisa. Ingegerd akainuka, akaanza kukusanya vikombe akavioshe. Majlis akamnyang'anya sinia mbele ya watu. "Kaa chini, Ingegerd. Wewe hapa ni mgeni."

Hakupaza sauti. Watu wa kule hawahitaji kupaza sauti. Ingegerd akakaa, akamaliza kahawa yake, akashukuru, akapanda treni. Tangu siku hiyo, kimya.

Majlis alikuja Gothenburg aombe msamaha. Lilikuwa neno moja tu, na alikuwa amelibeba miaka tisa, na alikuwa amechoka nalo kuliko masufuria yote.

Jumamosi walizunguka asubuhi nzima mvuani, mvua ile ya Gothenburg isiyonyesha wala isiyoacha. Saa sita wakaingia soko la samaki. Solbritt akaagiza mkate uliolundikwa kamba mpaka mkate wenyewe hauonekani. Majlis hakuagiza kitu.

"Unaumwa?" akauliza Gullan.

"Saa nane nakwenda kwa Ingegerd."

Solbritt akaweka uma chini. Wote walikuwepo ukumbini siku ile. Wote walisikia.

"Kumbe! Tumekokotwa nchi nzima, mimi na mapaja yangu haya, kuwa kisingizio?"

"Kidogo."

"Ungesema tu, shoga. Ningevaa viatu vizuri."

"Ningesema, mngeniuliza kila stesheni najisikiaje."

"Hilo kweli," Gullan akakubali. "Mimi ningeuliza."

Wakampeleka kwa tramu, treni dogo la mitaani. Walifika mtaa wa Ingegerd saa saba na nusu, yaani nusu saa kabla. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, maana kwao mtu akialikwa saa nane, hagongi saa saba na dakika hamsini na tisa. Kuchelewa dakika mbili kunavumilika. Kuwahi ni kumkuta mwenye nyumba bado na kitambaa cha sakafu mkononi, na hiyo ni aibu yenu nyote wawili. Kwa hiyo unazunguka. Ukipita mitaa hiyo Jumamosi yoyote utawaona watu wazima, wamevaa vizuri, wanazunguka nyumba ya watu kama wamepotea, macho kwenye saa.

"Nyie nendeni mkanywe kitu," Majlis akasema.

"Hatuendi. Asipokufungulia je? Utarudi peke yako na uso huo?" Gullan akamvuta Solbritt, wakajibanza chini ya kibanda cha tramu ng'ambo ya barabara. Kibanda chenyewe kilikuwa cha upande mmoja, na mvua ilitokea upande mwingine.

Majlis akazunguka mara ya kwanza. Akazunguka ya pili, akilisema neno lake kwa midomo kama mtoto anayekariri. Ya tatu goti likagoma katikati. Akaingia uani mwa jengo, akaketi kwenye benchi lililolowa, pembeni ya baiskeli.

Mbele yake palikuwa na dirisha la chini, nusu limezama ardhini, na taa inawaka. Ni chumba cha kufulia cha jengo zima, wapangaji hukitumia kwa zamu. Ndani alikuwapo mwanamke mwenye mvi, amevaa fulana iliyopauka, anapigana na shuka. Amelibana kwa kidevu, akatanua mikono, likamponyoka. Akalibana tena.

Ingegerd alikuwa amezeeka. Majlis hakutarajia hilo, ingawa yeye mwenyewe alizeeka bila kumwomba mtu ruhusa.

Kuwahi ni aibu. Lakini kumchungulia mtu dirishani ni aibu zaidi. Akainuka, akashuka ngazi sita, moja moja, akasukuma mlango.

Ingegerd akageuka. Hakusalimu. "Umewahi."

"Najua. Nimezunguka mara tatu, goti limekataa. Nirudi nje?"

Ingegerd akatazama saa ya ukutani. "Nilitaka nimalize, nipande, nibadilishe nguo. Zamu yangu inaisha saa nane, na anayefuata ni Torbjörn wa ghorofa ya tatu. Yule hachelewi hata sekunde."

"Usibadilishe kwa ajili yangu. Mimi ni..." Majlis akakwama. Neno alilolitaka, ndugu yako, halikutoka.

"Shika ncha hizo," Ingegerd akasema.

Basi wakakunja mashuka. Unarudi nyuma mpaka shuka likaze, mnavuta pamoja kwa uzito wa mwili, mnakung'uta, mnakunja, mnakaribiana, mmoja anampa mwenzake ncha. Vidole vinagusana. Halafu mnaachana tena. Mikono yao ilikumbuka yenyewe bila kuongozwa. Shuka la kwanza likaisha. La pili nalo.

Kwenye la tatu Majlis akasema, "Ingegerd. Lile neno langu, siku ya mazishi."

"Vuta."

"Najaribu kusema..."

"Vuta, Majlis, linapinda upande wako!"

Akavuta. "Nilikuwa nimechoka. Miaka kumi na mmoja nilichoka, halafu siku ile nikakupiga wewe kwa uchovu wangu. Halikuwa neno la haki. Nisamehe."

Ingegerd akamjia na ncha zake, akamwekea mikononi, akabaki pale pale, karibu, ananukia sabuni. Macho yake yalikuwa kwenye shuka.

"Nilitaka kuosha vikombe tu," akasema.

"Najua."

"Vikombe tu, Majlis. Sikutaka kingine pale."

"Najua, Ingegerd."

Mdomo wa Ingegerd ukacheza, kama mtu anayetafuta la kuanzia. Akavuta pumzi. Mlango ukafunguliwa.

"Hamjambo," akasema mwanamume mrefu mwenye kapu. "Ni saa nane."

"Saa tunaiona, Torbjörn."

"Na chujio la mashine ya kukaushia? Limesafishwa? Wiki iliyopita mtu aliliacha limejaa nyuzi. Simtaji mtu."

"Limesafishwa, Torbjörn."

Wakatoka na kapu, kila mmoja kwenye shikio lake, wakaanza kupanda, polepole kwa ajili ya goti. Ghorofa ya kwanza pana dirisha linalotazama barabarani. Ingegerd akasimama.

"Wale wawili pale kwenye kibanda, mwavuli umepinduka. Mbona wanatazama huku?"

"Ni wenzangu wa kwaya. Wananingoja."

"Tangu lini?"

"Saa saba na nusu."

"Mungu wangu, wameloa chapa! Waite wapande. Nimeoka biskuti aina saba, nani atazimaliza?" Akachukua kapu lote peke yake, akatangulia juu, haraka, bila kugeuka.

Majlis akabaki dirishani. Chini Gullan alimwona, akapunga mkono, kisha akafanya ishara ya kuuliza: vipi? Majlis naye akapunga mkono. Ombi lake lilikuwa limesemwa, lakini jibu lilikuwa limebaki kule chini kwenye mashine. Solbritt na Gullan wakiingia, yatazungumzwa magoti na mvua na glavu ya Oslo, na saa kumi na moja watashukuru na kuondoka, na kesho asubuhi kuna treni, jibu hajalisikia. Wasipoingia, ni wanawake wawili waliosimama mvuani nusu saa nzima kwa ajili yake. Na juu, mdogo wake ameshafungua mlango, anasikika akipanga viti, sijui viwili, sijui vinne.

Mkono wake ulikuwa kwenye komeo la dirisha. Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, ungekuwa Majlis, umechoka namna ile, ungewaita?