Kumi na Wanne Tuliokosekana

Ernestina alipanga chumba mjini Hopkins, huku Marekani, lakini roho yake ilikuwa kaskazini mwa Minneapolis, kwenye kiwanja kisicho chake. Mwenye kiwanja alishindwa kulipa kodi ya ardhi, kaunti ikakichukua, ikabomoa nyumba, ikakisahau. Palibaki matairi, chupa na magodoro. Ernestina, akitoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alipitia pale na koleo. Alizoa takataka msimu mzima, akabeba samadi kwa gari lake mpaka viti vikanuka. Miaka sita. Sisi wengine, Watanzania na Wakenya, tulitokea mchicha ulipoota. Mimi nilikuwa hodari wa kuchuma.

Mwaka jana kaunti ikatangaza kwamba itakitoa kiwanja kwa bei ya kutupa kwa kikundi kitakachokitumia. Sharti lilikuwa moja: Alhamisi, saa nne asubuhi, watu wasiopungua kumi wasimame mbele ya kamati waseme wanakilima. Wasipofika, kinakwenda mnadani. Tuliomba ruhusa kazini, Ernestina na sisi wengine kumi na wanne.

Jumanne, mwenzetu Jairus, anayekaa mji wa jirani wa Plymouth, akapigiwa simu kwamba mjomba wake amefariki Kisii. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mjomba huyo, lakini msiba ni msiba. Alhamisi, kwa kuwa ruhusa tunayo, tukapitia kwa Jairus kutoa pole, tuondoke saa tatu. Saa tatu ikaletwa chai. Ikafuata sala, kisha mchungaji akaanza kuhubiri. Kila mtu alimtazama mwenzake aanze kuinuka. Hakuinuka mtu.

Ernestina akanipigia. "Kaka Evodius, mko wapi? Niko peke yangu hapa, wanakaribia kutuita."

"Dada, tuko kwa Jairus. Tunainukaje watu wamekaa?"

"Huyo amekufa, Evodius. Hana haraka."

Nikakata simu, nikapokea sahani ya pilau, na nikaila yote.

Alisimama peke yake. Kamati ikamshukuru kwa kufika. Jioni alipokuja kwa Jairus, Peris, aliyeshika mambo ya jikoni, akamwambia mbele za watu, "Hata ku-greet wafiwa ni saa hii? Kumbe mboga ni important kuliko mtu."

Nilijua alikotoka, na bado nikatazama zulia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kiwanja sasa kimemwagiwa lami, na aliyekinunua mnadani anaegesha humo magari mabovu.

Mwezi uliopita mama yake Ernestina alifariki Bukoba. Tukajaa Hopkins mpaka kwenye ngazi, na masufuria yetu, na nyuso zetu za msiba. Alifungua mlango, akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, hadi kumi na wanne.

"Kumbe mnaweza kutimia," akasema. Akatuachia mlango wazi, akaenda kukaa.