Maji ya Kumezea Kidonge

Leo nimefungua chupa ya vidonge vya mwanangu, ikanuka unga mkavu, mchungu, nikajikuta tena ukumbini kwetu Pangani, mtoto nimekaa mkekani.

Mdogo wangu alikuwa binti asiyetulia. Darasani alisimama wenzake wakiwa wameketi. Kwenye chuo cha Kurani alianza kusoma sura akaishia kufuata mijusi ukutani. Daktari wa Tanga mjini akampa dawa ya vidonge ya kumsaidia kutulia. Mama aliitaka. Baba, mikono ikinuka nazi kavu za mbata, aliikataa.

“Mwanangu si mwendawazimu,” alisema. “Atakua, ataacha.”

“Atakua lini, bwana? Hebu mtazame mgongo, zile alama za bakora.”

Mdogo wangu, ambaye tulidhani amelala, akatoka chumbani, akachukua kidonge mezani.

“Baba, nipe maji,” alisema. “Nikimeza, mwalimu hatanipiga tena?”

Baba alimimina maji mwenyewe, akamshikia kikombe. Kikombe kikawa kinagonga meno ya mtoto, na maji mengi yakamwagikia gauni lake.