Tarehe ya Penseli

Esnath wa Mahongole alikuwa na jicho. Hilo hakuna aliyelibisha katika kituo cha afya cha misheni, nje kidogo ya Makambako. Mpe tone la damu kwenye kioo, ainamie hadubini yake, na kabla chai haijapoa atakwambia mgonjwa ana nini. Kilichomkera ni kwamba aliyepata jina kwa kazi hiyo ni mtu mwingine.

Mtu huyo ni Avelina, binti wa wakulima wa chai wa Lupembe, aliyekaa naye benchi moja chuo cha maabara. Siku za mwanzo Avelina alikuwa akiandika slaidi zake kwa kalamu ya wino. Akizitia kwenye spiriti, maandishi yanatoweka, anabaki ameduwaa hajui damu ni ya nani. Esnath ndiye aliyemwokoa: "Andika jina na tarehe kwa penseli, mwenzangu. Penseli haitoki."

Miaka ishirini ikapita. Avelina sasa ni mtafiti wa saratani za damu Dar es Salaam. Anachunguza namna mgonjwa anavyoweza kupewa seli shina za ndugu yake, zikaingia kwenye uloto, ndani ya mifupa, zikaanza kutengeneza damu mpya. Redioni wanamwita bingwa. Kila alipotajwa, Esnath alizima redio.

"Nimemfundisha mimi kushika slaidi," alimlalamikia mumewe, Aron. "Makala zote zile anazoandika, jina langu hamna hata kwa kupitiwa!"

"Mama Remmy, akutaje kwa sababu ya penseli tu?"

Aron alinuniwa siku mbili.

Tarehe kumi na moja Juni akaja Irine, msichana wa Wanging'ombe aliyeuza viazi stendi ya Makambako. Fizi zilikuwa zinavuja damu, miguu ina mabaka. Esnath akapaka slaidi, akaandika jina na tarehe, akainama. Seli nyeupe changa zilikuwa zimejazana kila alikotazama. Hakuhitaji kuambiwa kuwa ni saratani ya damu.

"Unaonaje?" aliuliza Stanley, daktari wa kituo. "Tumpigie Daktari Avelina?"

"Subiri kwanza, nirudie kipimo."

Uongo mtupu. Hakukuwa na cha kurudia. Esnath hakutaka kumpigia simu yule mwanamke na kumwomba msaada, basi. Irine akarudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu, na kila asubuhi Esnath alifungua droo, akaitazama slaidi, akaifunga.

Tarehe kumi na tisa Irine akaletwa amebebwa, anawaka homa. Ndipo Esnath alipoogopa kweli. Alimweleza Stanley alichokiona, wakampakia Irine kwenye gari la wagonjwa hadi Njombe, ambako wiki hiyo Avelina alikuwa akifundisha madaktari. Esnath alikaa nyuma na mgonjwa, slaidi mfukoni mwa sweta.

"Kamwene, dada!" Avelina alimwamkia kwa Kibena, akamkumbatia mbele ya watu wote. Akawageukia madaktari. "Jamani, huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Bila yeye ningekuwa mpaka leo napoteza damu za watu."

Maneno aliyoyangoja miaka ishirini, na sasa alitamani asiyasikie. Avelina akaiweka slaidi chini ya hadubini, akatazama, uso ukabadilika. Akaitoa. Akasoma pembeni, pale penye penseli.

"Tarehe kumi na moja," alisema taratibu. "Dada, leo ni kumi na tisa."

"Niliona wivu," Esnath alijibu.

Avelina hakumgombeza. Aliomba gari la kumpeleka Irine Dar es Salaam, akatoka nje haraka.

Irine hakufa. Lakini maambukizi ya siku zile nane yalimlaza wiki tano mahututi kabla ya kuanzishiwa dawa za saratani. Kaka yake, Danford, alipimwa, seli zake zikafaa, naye anangoja dada yake apate nguvu za kuzipokea.

Mwezi Novemba bahasha ilifika kituoni: taarifa ya kitabibu, yenye saini ya Avelina. Jioni, nyumbani, Aron aliisoma kwa sauti, meno yote nje.

"Ugonjwa ulitambuliwa kwanza na Esnath, mtaalamu wa maabara, Makambako, tarehe 11 Juni. Mgonjwa alipewa rufaa tarehe 19 Juni." Akainua uso. "Mke wangu, si hili hapa jina lako? Tuliweke kwenye fremu!"

Esnath akamnyang'anya karatasi, akazifunika zile tarehe mbili kwa kiganja.