Mikanda ya Nusu Inchi

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Nusu Inchi, maana kola ikipishana kwa nusu inchi tu anaifumua yote. Hospitali walimpa mashine ya kumpulizia hewa puani akilala, kwa sababu usingizini pumzi yake hukatika. Mimi ndiye ninayelala naye, najua inavyokatika. Anakoroma weee, halafu kimya, nami roho mkononi mpaka avute tena.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha akaanza kuamka na mdomo mkavu, ulimi umegandana na kaakaa. Kwa mtu mwingine ni kero tu. Kwa fundi anayelowesha ncha ya uzi kwa mate kabla ya kuutunga sindanoni, ni balaa. Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana yake, na asubuhi moja, mbele ya mteja, uzi ulimshinda kabisa hadi akanipa mimi niuloweshe. Mteja akacheka. Mume wangu hakucheka. Siku hiyohiyo akaifungia mashine kabatini.

"Baba watoto, utakufa," nikamwambia.

"Nitakufa nikiwa na mate," akajibu. Ndiyo majibu yake hayo.

Nikanuna. Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mimi nikishona vifungo, yeye akasinzia juu ya cherehani, shavu kwenye suruali ya mtu. Akakoroma. Kisha kimya. Nikangoja, kimya. Nikamtikisa bega, wapi. Nikamzaba kofi la mgongo, ndipo akavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. "Nilikuwa nafikiri," akasema. Vifungo vilinimwagika sakafuni.

Sikumwomba ruhusa. Niliitia mashine kwenye kikapu nikaenda kwa nesi wa kliniki. Nesi akaigeuza barakoa yake ya kuvaa puani, akatazama mikanda ya kuifungia kichwani, akaniuliza, "Mama, nani amepunguza hii?"

Mshono wa mara mbili, umenyooka kama rula. Aibu ikanishika. Kumbe bwana mkubwa aliona mikanda inalegea, akaipunguza kama kiuno cha suruali. Nesi akanieleza kuwa barakoa inambana pua, kwa hiyo akilala mdomo unafunguka, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni, inakausha kila kitu. Akasema tuifumue mikanda ikae kwa ulaini, na kitangi cha mashine kisikose maji. Mdomo ukizidi kufunguka, atampa mkanda wa kidevu.

"Mishono yangu haina kasoro," mume wangu akasema nilipomweleza, hata macho hakuinua.

"Haina. Ndiyo maana itakuua." Nikachukua uzi mkononi mwake, nikaulowesha, nikautunga, nikamrudishia sindano. "Hii nitakufanyia mpaka tuzeeke, mbele ya wateja wote. Kupumua siwezi kukupumulia. Naogopa, unanisikia? Naogopa kila siku."

Akachukua wembe, akafumua mishono yake polepole, mmoja mmoja. Tukajaza maji. Akajilaza kwenye benchi la wateja, akavaa barakoa, nami nikakaa karibu yake na shati la kutia vifungo.

Alipoamka alilamba midomo. "Bado mkavu," akasema, "ila afadhali." Akalowesha uzi mwenyewe, akahangaika nao, mwishowe ukaingia. Halafu akatazama shati mapajani mwangu, akaniuliza mbona halina kifungo hata kimoja. Sikuwa nikishona. Nilikuwa nasikiliza.