Uso wa Kujaribia

Nabintu, jirani yangu pale Bukoto, alitoka Bukavu na ujuzi wa kusafisha nyuso kwa maji ya muwa yaliyochachuka. Masharti yake yalikuwa makali: mara moja tu kwa wiki, dakika kumi, osha, paka mafuta, kisha siku mbili usikae juani. Ukibisha, anakufukuza.

Halafu akaja mke wa kapteni mmoja, na askari mwenye bunduki akabaki mlangoni. Mama yule aliogopa sumu.

"Anza na uso wako, nione."

Nabintu akajipaka. Mama akaridhika, akawaambia wenzake. Baada ya miezi miwili walikuwa watano, wake wa maofisa watupu, kila mmoja na siku yake, na kila mmoja akisema vilevile. Wao walipakwa mara moja kwa wiki, wakang'aa. Yeye alijipaka mara tano.

Nilimwambia ahame. Akanifokea, "Karatasi zangu za ukimbizi amezichukua kapteni, Akoth! Nihamie wapi?"

Ijumaa moja nilikuwa nimemshikia Nabintu beseni wakati yule wa tano alipomkazia macho. Mashavu ya Nabintu yalikuwa yamebabuka, mekundu kama nyama mbichi.

"Mbona umeungua? Ni dawa hii?"

Akikubali, ataitwa muuaji. Akieleza, atakuwa amewashtaki wake za maofisa.

"Ni jua tu, mama."

"Kama ni jua," akasema yule mama, akijiweka sawa kitini, "jipake tena, nione."