Kanisa lote, mpaka msalaba wa juu

Mama yangu aliniomba kitu kimoja tu kutoka Ulaya. Si manukato, si viatu. Sebuleni kwetu Lubumbashi kuna kalenda kuukuu ya mapadri yenye picha ya kanisa kuu la Antwerp, na mama alitaka picha yangu nimesimama mbele ya kanisa hilo. "Lote, Jocelyne, mpaka msalaba wa juu. Na wewe uonekane."

Basi mimi, msusi wa Berea kule Joburg, nikapanda ndege kwenda Antwerp kwenye ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu Carmel. Wikendi moja tu, lakini furaha ilinipanda kichwani. Barabara za mawe, nyumba nyembamba zimebanana utadhani zinasikia baridi, chipsi na mayonezi mpaka kidevuni. Nilicheka ovyo. Carmel akauliza, yaya, dada mkubwa mzima, umelewa? Nikamwambia bado, subiri nimalize mtaa huu.

Ila simu sikuitoa. Ilikaa ndani ya sidiria, mahali pake mtu wa Joburg akiwa barabarani. Kila Carmel aliposema tupige picha, niliangalia nyuma kwanza, kisha nikasema baadaye. Wewe kaa jirani na vibaka wa Hillbrow uone kama hutakuwa hivyo.

Jumapili, ndege inaningoja jioni, nikaenda kanisani peke yangu. Jengo refu, kwenye selfi haliingii. Mzee mmoja mwenye mbwa akaniona ninavyohangaika, akasema kwa Kifaransa atanipiga picha yeye. Nikampa simu. Akarudi nyuma hatua moja, nami nikasogea moja. Akarudi tena, nikamfuata.

Akacheka. "Madame, ukitaka kanisa lote, lazima uniache niende."

Eish. Nikamkumbuka mama, nikaganda. Mzee akaenda, akaenda, na simu yangu na mbwa wake, mpaka kule kwenye viti vya mkahawa. Sikuweza kutazama. Nikafumba macho, nikakunja mikono kifuani, nikasali kwa moyo wote.

Simu ikarudi. Ndani yake picha moja safi: kanisa mpaka msalaba, na mimi chini nimeinamisha kichwa.

Mama ameizungusha parokia nzima. Anasema wengine wakifika Ulaya wanamsahau Mungu, ila mwanawe alisimama kumshukuru hadharani. Padri ameitaja kwenye mahubiri. Mimi nimejibu amina. Nilikuwa naombea simu.