Phelista Hakukohoa Mbele ya Mkwe

Dada yangu Phelista alikuwa mtu wa kelele. Akicheka shambani kwake Malakisi, majirani wa ng'ambo ya barabara walitoka kuuliza kuna nini. Alilima tumbaku tangu aolewe, akaikausha kwa moshi mwaka baada ya mwaka, akalea watoto, akamzika mume. Kwenye kwaya ya kanisa aliimba sauti ya chini pamoja na wanaume, na hakuna pasta aliyethubutu kumwambia arudi upande wa akina mama. Mtu kama huyo, bana, ndiye aliyeuawa na aibu. Mimi bado nina hasira naye, na sitaficha.

Kikohozi kilipoanza alisema ni moshi wa tumbaku. Kwani nani Malakisi anayekausha tumbaku na hakohoi? Lakini nguo zikaanza kumpwaya, na jasho la usiku likawa linalowesha shuka. Nikamwita kwangu Kitale, ninakouza viazi sokoni.

"Dada, kuja upimwe TB. Mkwe wako Jotham si yuko maabara hapa hospitalini?"

"Kwa mkwe siendi," akasema.

Jotham ni mume wa Lenah, kifungua mimba wa Phelista. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono wala hawali meza moja. Yeye akipita njia hii, wewe unatafuta ile. Si chuki, ni heshima, na Phelista aliishika kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ilibidi nimwambie kwamba anayepokea makohozi ni msichana anaitwa Chemutai. Hapo akakubali.

Siku tuliyofika Chemutai alikuwa mgonjwa, hakuja kazini. Kwenye dirisha la maabara alisimama Jotham mwenyewe na koti lake jeupe. Loo! Phelista alivuta leso mpaka machoni akageukia ukuta. Jotham naye akatazama chini, akanipa mimi kopo.

"Mama, mwambie aende pale nje kwenye hewa. Avute pumzi, akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua."

Nikamwambia. Akaenda nje, akatema mate kidogo, yale tu ya mdomoni, akafunga kifuniko.

"Phelista! Hayo si makohozi!"

"Nyamaza! Unataka nikohoe mkwe akisikia? Uchafu wa kifua changu aushike, autazame? Wewe Emmy una akili kweli?"

Aliweka kopo dirishani na kutoka getini karibu akikimbia. Jotham akaliinua kwenye mwanga. Alijua mara moja.

"Mama, haya hayatoshi," akaniambia taratibu. "Nitayapima, lakini arudi kesho. Nitatafuta mwenzangu ampokee."

Mashine ikasema hakuna TB. Jotham akanieleza kwamba mate yakikosa kitu haimaanishi kifua hakina kitu. Mabaki ya mate hayo akayaotesha. Vidudu vya TB ni vivivu sana, alisema. Unaviweka kwenye chupa yenye chakula chao, mahali pa joto, halafu unangoja majuma na majuma uone kama kitaota kitu.

Na dada, je? Nilimbembeleza, nikamgombeza. Lenah alimlilia kwa simu. Wapi! "Mkwe amenipima, mashine imesema niko sawa. Sasa nikapimwe na mwingine ili watu waseme mkwe wangu hajui kazi?" Eti anamlinda! Akarudi Malakisi, akatangaza kanisa zima kwamba mkwe wake ndiye aliyempima. Alimsifu huku anakohoa.

Asubuhi moja Jotham alinijia sokoni na koti lake la kazi, hata hakulivua.

"Mama, imeota."

Imeota kwenye mate hayo hayo machache. Simu ya Phelista ilikuwa imezimwa. Jotham akaazima gari la rafiki yake, akabeba barakoa, tukaondoka.

Tulimkuta kitandani, peke yake, amebaki mifupa. Wanawe, ukimtoa Lenah, wote wako Nairobi. Jotham alibaki uani, maana mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Nikajaribu kumwinua dada nikashindwa, nikajaribu tena nikaanza kulia. Nadhani Jotham alinisikia. Alivua viatu mlangoni, akaingia.

"Nisamehe, mama," akasema, akambeba.

Phelista hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe cha maji. Lakini nguvu ya kuvuta leso na kufunika uso aliipata. Hata hapo! Nilitaka kumpiga kofi. Nilimpenda sana dada yangu.

Alikata roho kabla hatujafika Kanduyi, kichwa chake kwenye mapaja yangu, uso bado umefunikwa. Hospitali ya Bungoma tulifika na maiti.

Baada ya mazishi tukaambiwa sote tuliokaa naye tupimwe. Alikuwa amelala kwangu, na mimi nilikuwa nimeanza kukohoa. Nikaenda. Dirishani alikuwa Chemutai, amepona, ananyoosha mkono anipe kopo.

"Niitie Jotham," nikasema.

Mimi ni mdogo wake Phelista, kwa hivyo na mimi ni mama mkwe wa Jotham; tulizungumza, ndiyo, lakini usoni hatukuwahi kutazamana. Alikuja akitazama sakafu.

"Mkwe, niangalie. Kopo nipe wewe."

Alinipa. Nikatoka nje, nikasimama pale pale dada aliposimama, nikavuta pumzi mpaka tumboni. Nikakohoa. Nikakohoa kwa sauti mpaka watu wa foleni wakageuka, mpaka mbavu zikauma na machozi yakanitoka. Nikarudi na kopo, nikaliweka mkononi mwake.

"Haya yanatosha?"

Aliliinua kwenye mwanga, akalitazama muda mrefu.

"Yanatosha, mama," akasema. Tukalia wote wawili pale dirishani, tumetazamana.